Archibald McIndoe, munganga wa sura zilizoungua

Mtoto akizaliwa na masikio yenye kutoka nje, huku Wagenia hachelewi kupewa jina. Wenzake watamwita tembo, watamwita popo, na siku moja kwenye masomo mmoja atakuja nyuma yake ayashike masikio yote mawili kama mtu anayeinua sufuria motoni. Mama akiwa na binti, anamsuka nywele za kufunika. Akiwa na mvulana, hakuna nywele ya kumsaidia. Kisha mjomba mmoja anarudi kutoka safari na kusema kwamba kuna waganga wa kupasua wanaoweza kuyalaza masikio ya namna hiyo yakae sawa ya watu wote. Hapo mabishano yanaanza. Mmoja anasema ni mambo ya watu wenye franga nyingi. Mwingine anasema Mungu hakukosea. Mwingine anauliza kama mtoto hatakuwa kiziwi. Na mtoto mwenyewe, mwenye masikio yake, hakuna anayemuuliza.

Kazi ya kutengeneza sura za watu kwa kisu ina historia ndefu, na ndani yake kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanajibu sehemu kubwa ya mabishano hayo. Anaitwa Archibald McIndoe. Alikufa Aprili 1960, karibu miezi mitatu kabla Congo haijapata uhuru. Jina lake halitajwi sana kando ya mto huu, ingawa kazi aliyoianzisha na wenzake wawili kwenye miteremko ya Kilimanjaro ilienea sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wenzake hao alikuwa ameoa binti aliyezaliwa ndani ya msitu wa Congo, tena upande wa kaskazini-mashariki, ndani ya jimbo ambalo Kisangani ilikuwa makao yake makuu. Habari hiyo inakuja mbele.

McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei 1900 katika mji wa Dunedin, inchi ya New Zealand, kule chini kabisa ya dunia. Baba yake alikuwa na kazi ya kuchapa vitabu na makaratasi. Mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji mwenye jina, na si ajabu kufikiri kwamba jicho la kupima pua, shavu na sikio yule mtoto alilipata kwake. Baba alikufa Archibald akiwa bado kijana wa masomo. Alisomea uganga palepale Dunedin, katika Chuo Kikuu cha Otago, kisha mwaka 1924 akapata nafasi ya kwenda Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kijana asiye na bibi. Yeye alikuwa ameoa karibuni tu. Basi alinyamaza, akapanda meli peke yake, bibi yake Adonia akamfuata mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo tabia yake tangu ujana: sharti likimzuia, alilizunguka.

Kule Marekani alijulikana kwa upasuaji wa tumbo na ini. Mkubwa mmoja wa waganga wa Uingereza alimwona akifanya kazi, akamshauri ahamie London, kana kwamba kazi ilikuwa inamngoja. Alifika mwaka 1930 na familia yake, akakuta hakuna kitu. Hakuna kazi, pesa inaisha. Akamtafuta ndugu yake wa ukoo, Harold Gillies, naye pia mtu wa New Zealand, na mlango wa Gillies ndio uliobadilisha maisha yake.

Gillies alikuwa ametengeneza nyuso za maelfu ya askari wa vita ya kwanza ya dunia, wenye kupigwa risasi na vipande vya bomu wakapoteza taya, pua, nusu ya uso. Mwaka 1917 alianza njia ambayo hata leo ukiieleza mtu anakunja uso. Ngozi ya kifuani au tumboni inakatwa kama mkanda, inakunjwa ikawa bomba, lakini haing'olewi yote. Mwisho mmoja unabaki umeshikamana na mwili ili damu iendelee kupita, mwisho wa pili unashonwa pale pua inapohitajika. Wavuvi wa Wagenia wataielewa upesi: kikapu kikubwa kinashushwa katika maji makali, lakini kamba haifunguliwi kwenye mti mpaka kazi iishe, la sivyo mto unakibeba. Baada ya wiki kadhaa, ile ngozi ikishapata damu mahali papya, ndipo inakatwa kule ilikotoka. Mgonjwa anakaa muda wote huo na bomba la nyama likining'inia usoni.

McIndoe akajifunza kazi hiyo kwa Gillies. Miaka ya 1930, isipokuwa watu wenye ajali na watoto wenye kuzaliwa na mdomo uliopasuka, wateja wengi wa kazi hii mjini London walikuwa watu wa pesa: pua ndefu, mashavu yenye kulegea, masikio yenye kusimama. Waganga wengine waliwatazama kwa dharau, kama fundi wa majeneza anavyomtazama fundi wa vinyago vya kuuzia watalii. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na waganga wanne tu waliobobea katika kutengeneza sura. McIndoe alikuwa mmoja wao.

Jeshi la ndege likampeleka East Grinstead, mji mdogo kusini mwa London, katika hospitali ndogo ya Queen Victoria. Alikataa kuvaa cheo cha jeshi. Raia anaweza kubishana na jenerali. Mwenye cheo anapiga saluti. Na kubishana alijua.

Mwaka 1940 ndipo ndege za Ujerumani zilipoanza kuja kwa wingi, na vijana wa miaka 20 au 22 walipanda kupigana nazo angani. Katika ndege iliyoitwa Hurricane tangi moja la mafuta lilikuwa mbele ya rubani. Likipigwa, moto ulikuja usoni kwa sekunde chache. Kijana aliyekuwa ametoa glavu ili ashike vizuri aliungua mikono mpaka vidole vikajikunja. Aliyekuwa amepandisha miwani aliungua kope. Pua ilikwenda, midomo ilikwenda, na wengine masikio pia. Zamani watu wa namna hiyo walikuwa wanakufa tu. Sasa dawa na damu ya kuongezwa viliwafanya waishi, na hakuna aliyekuwa amefikiri wataishi na sura gani.

Jambo la kwanza McIndoe aliloligombania lilikuwa dawa. Wakati ule kila mahali walipaka vidonda vya moto dawa ya tanini, ileile inayolainisha na kukausha ngozi za wanyama. Ilifanya gamba gumu juu ya kidonda. Kwenye paja labda haikudhuru sana. Kwenye vidole na kope iliharibu kabisa. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Chumvi. Akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapigana mpaka ile dawa ya kukausha ikaachwa kwenye mikono na nyuso.

Kisha kisu, pole pole. Kwanza kope, sababu jicho lisilofunga usiku linakauka na kupofuka. Midomo, pua, mikono. Sikio ni mambo mengine: chini ya ngozi yake kuna gegedu, ule mfupa laini unaokunjika, na gegedu ikiungua au ikiingiwa na wadudu wa ugonjwa haioti tena. Wagonjwa wengine walipasuliwa mara 20, 30, hata zaidi, kwa miaka. Walifanyiwa kitu ambacho hakijajaribiwa, kikakosa, kikajaribiwa tena. Wenyewe walijua. Julai 1941, mwezi uleule askari wa Congo wa Force Publique waliposhinda Waitaliano kule Saio, Ethiopia, wagonjwa wa East Grinstead waliunda chama chao cha kunywa pombe na kukiita Guinea Pig Club, yaani chama cha nguruwe-guinea, wale wanyama wadogo wa kujaribiwa dawa. Mweka hazina walimchagua mtu aliyeungua miguu, ili asiweze kukimbia na pesa. Mwandishi alikuwa mtu wa vidole vilivyoungua, ili asiandike mambo mengi. Mpaka vita inaisha wanachama walikuwa 649.

Lakini kama McIndoe angekuwa fundi wa kisu tu, angekuwa mmoja kati ya wengi. Yeye aliona jambo ambalo kisu hakilifikii. Kijana anatoka chumba cha upasuaji na pua mpya ambayo bado si pua. Anatoka nje. Mwanamke barabarani anageuza uso. Mtoto analia. Siku hiyo kazi ya miezi sita imeharibika, na hakuna uzi wa kuishona.

Basi aliingia mjini. Aliongea na watu wa East Grinstead, wenye nyumba, wenye baa, wenye sinema, akawaambia wazi watu gani watakuja kupita barabarani mwao na sura gani wanazo, na akawaomba mambo mawili: wasigeuze uso, na wawakaribishe nyumbani. Wakawakaribisha. Wagonjwa walikaa mezani na familia, wakacheza dansi na wasichana wa mji, wengine wakaoa palepale. Ndani ya hospitali aliondoa nguo za bluu walizovishwa askari wagonjwa, nguo zilizowafanya waonekane kama wafungwa, akaruhusu kila mtu avae yunifomu yake au nguo zake. Pipa la pombe liliwekwa katika chumba chenyewe cha wagonjwa. Rubani na kuli wa ndege walilala kitanda kwa kitanda bila kutazama cheo. Aligombania pia sharti la siku 90: askari aliyekaa hospitali zaidi ya muda huo alikuwa anafukuzwa jeshini na kupewa pensheni ndogo, na upasuaji wa uso siku 90 ni mwanzo tu. Sharti likabadilishwa.

Ule mji ukapata jina la mji usiokodolea watu macho. Kwa wengine haikuwa hivyo. Richard Hillary, kijana aliyeungua Septemba 1940 akaokotwa baharini, alitengenezewa kope na mdomo na McIndoe. Mwaka 1941 alipelekwa Marekani aongee na wafanyakazi juu ya vita. Wakubwa wa Uingereza kule waliuona uso wake, wakaogopa kwamba akina mama wa Marekani watakataa kutoa watoto wao kwa vita, wakamzuia kusimama mbele ya watu. Alirudi, akaandika kitabu chake The Last Enemy kilichotoka 1942 na kusomwa sana, akaomba arudi kuruka na mikono ileile isiyokunjika vizuri. Wakamruhusu. Januari 1943 ndege yake ilianguka usiku katika mafunzo, akafa na mwenzake. Mwingine, Jimmy Edwards, ndege yake ilipigwa mwaka 1944 kule Arnhem. Baada ya McIndoe kumtengeneza uso aliacha masharubu makubwa mno ya kufunika makovu, kisha akaingia BBC, akawachekesha Waingereza katika redio kwa zaidi ya miaka 10. Redio haiulizi sura.

McIndoe hakuwa malaika. Alipenda kuamuru, alipenda pesa na sifa, aligombana na wengi. Wauguzi wa kike katika kile chumba cha vijana na pipa la pombe walivumilia mizaha ya maneno na ya mikono, na mkubwa wao aliiona kama sehemu ya dawa ya wagonjwa. Wao hakuwauliza kama wamekubali kuwa dawa. Bibi yake na mabinti wake wawili walikaa Marekani sehemu ya vita, na nyumba haikupona. Waliachana mwaka 1953, akaoa tena mwaka uliofuata. Wakati huo alikuwa ameshapewa heshima ya Sir, mwaka 1947.

Baada ya vita alikuwa amechoka mwili. Alikuja Afrika ya Mashariki kupumzika, akaipenda, akanunua sehemu katika shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Tanganyika. Huko ndiko anakoingia Michael Wood.

Wood alikuwa munganga Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1947 kwa sababu ya ugonjwa wa pumu. Aliona watu walioungua moto wa nyumbani, waliong'atwa na fisi, watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, na katika eneo lile lote hakukuwa na mtu wa kuwatengeneza. Akarudi Uingereza kujifunza kwa McIndoe, kisha akarudi tena Nairobi. Bibi yake, Susan, alikuwa Mzungu wa kuzaliwa Congo. Baba yake, Alfred Buxton, na babu yake, Charles Studd, walikuwa wamisionari waliofika kaskazini-mashariki ya Congo mwaka 1913. Susan alizaliwa huko msituni mwaka 1918, na babu huyo alikufa 1931 kule Ibambi, ambako leo ni Haut-Uele. Mpaka jimbo lilipogawanywa mwaka 2015, Ibambi na Kisangani vilikuwa chini ya jimbo moja.

Mwaka 1956 watu watatu walikaa pale Kilimanjaro: McIndoe, Wood, na Tom Rees, Mmarekani wa New York ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa McIndoe. Swali lilikuwa moja. Waganga wako mjini, wagonjwa wako mbali, barabara mbaya. Kila mtu wa Tshopo analijua swali hilo kuliko wao. Jibu lao lilikuwa ndege ndogo na redio. Wood, ambaye alijifunza kurusha ndege akiwa mtu mzima, angeruka mwenyewe mpaka hospitali za vijijini na za misioni, apasue wagonjwa waliokusanywa, kisha aondoke kwenda nyingine. Hospitali ziliwekewa redio za mawimbi mafupi ili ziweze kuita. Mwaka 1957 chama kikaanzishwa, ndicho kinachojulikana leo kama AMREF, chenye makao Nairobi. Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa na watu ambao hawakuwahi kumwona munganga wa kupasua. Sasa alishuka kutoka juu, akala nao, akafungua mkoba. Wood aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni na akafa 1987. Susan yeye alianzisha mwaka 1975 kiwanda cha shanga za udongo kule Nairobi, Kazuri, kuwapa kazi akina mama wenye kulea watoto peke yao.

McIndoe hakukiona chama kikikua. Alikufa usingizini London tarehe 11 Aprili 1960, moyo ukasimama, akiwa na miaka 59. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la jeshi la ndege, St Clement Danes, heshima ambayo raia hapewi.

Alichoacha ni kwamba kazi ya kutengeneza sura haikuonekana tena kama ya wapenda urembo tu. Na hapo yule mtoto wa masikio anarudi.

Kulaza masikio si jambo la jana. Mwaka 1881 munganga Edward Ely wa New York alimpasua mvulana wa miaka 12, sababu wenzake wa shule walimcheka. Sababu ileile ya Wagenia. Waganga wa mwanzo walikata ngozi ya nyuma ya sikio wakavuta, lakini ngozi inanyooka, na sikio linarudi. Mwaka 1910 William Luckett aliona kosa liko wapi: sikio la kawaida lina mkunjo ndani ya ukingo wake wa nje, na masikio yenye kusimama mara nyingi hayana mkunjo huo. Mengine yana bakuli la katikati lenye kina sana, linalosukuma sikio zima mbali na kichwa. Kwa hiyo kazi ni ya gegedu, si ya ngozi. Mwaka 1963, miaka mitatu baada ya McIndoe kufa, Mskoti Jack Mustardé alionyesha njia ya kupitisha nyuzi za kudumu nyuma ya gegedu na kuzikaza mpaka mkunjo ujitengeneze wenyewe, bila kukata gegedu. Mwaka uleule Stenström wa Sweden alionyesha njia ya kukwaruza gegedu upande mmoja ili ijikunje upande wa pili. Mwaka 1968 Furnas akaongeza nyuzi za kuvuta lile bakuli lishikamane na mfupa wa nyuma ya sikio. Waganga wengi leo wanachanganya njia hizi, na sikio lililo kubwa kweli, si la kusimama tu, linapunguzwa kwa kutolewa kipande kidogo cha ukingo. Mustardé mwenyewe, akiwa mzee, alikwenda Ghana kusaidia kuanzisha kituo cha upasuaji wa aina hii katika hospitali ya Korle Bu, Accra.

Mzazi anayefikiria jambo hili ana mambo ya kujua. Mtoto mchanga wa siku au wiki chache bado ana gegedu laini sana, juu ya homoni za mama zilizobaki mwilini mwake, na sikio lake linaweza kushikwa kwa umbo maalumu na plasta kwa wiki kadhaa likakaa vizuri bila kisu, mradi afanye mtu anayejua. Baada ya hapo inangojewa miaka 5 au 6, wakati sikio limefikia karibu ukubwa wake wa mwisho. Mtoto analazwa kwa dawa ya usingizi. Mtu mzima anaweza kuchomwa ganzi tu. Kazi yenyewe ni saa moja au mbili, mkato unafichwa nyuma ya sikio, kisha kichwa kinafungwa bendeji siku kadhaa, na usiku mkanda wa kitambaa kwa wiki kadhaa zaidi. Kusikia hakubadiliki, kwa uzuri wala kwa ubaya. Hatari zipo: damu kujikusanya chini ya ngozi, vidonda kuingiwa na wadudu, sikio moja kurudi nje. Na kwa watu wa ngozi nyeusi kuna moja ya kuuliza kabla ya yote, keloidi, lile kovu nene linaloota na kupita kidonda chenyewe. Familia ambayo dada au shangazi alitobolewa sikio akaota uvimbe sawa mbegu, imwambie munganga siku ya kwanza. Na mtu wa sokoni mwenye kusema anajua kushona masikio kwa bei nafuu, aachwe na sindano yake.

Lakini si lazima kila sikio lilazwe. Kule kaskazini kwa Wamangbetu, msafiri Mjerumani Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, alikuta watu wametoa sehemu ya katikati ya sikio ili kupitisha kijiti kinene. Wamangbetu walifunga pia vichwa vya watoto virefuke kwenda nyuma. Huo ulikuwa uzuri wenyewe, na mwenye sikio lisilotobolewa ndiye aliyetazamwa. Sikio linalochekwa mahali pamoja halichekwi pengine. Mtoto ambaye masikio hayamsumbui hana ugonjwa. Anayeacha masomo kwa sababu yake, anayelala na kofia, huyo ana jambo la kusikilizwa, na inafaa aulizwe yeye mwenyewe, si mjomba.

Mwaka 2014 sanamu ya McIndoe ilisimamishwa East Grinstead. Amesimama nyuma ya rubani aliyekaa, mikono yake juu ya mabega ya yule kijana, na kijana ameinua uso juu, vidole vyake vimejikunja kwa moto. Kuzunguka sanamu kuna jiwe la kukalia, ili mpita njia yeyote akikaa awe mmoja wa watu wa mji ule. Aliyeichonga, Martin Jennings, ni mtoto wa askari wa kifaru aliyeungua mwaka 1944 na kutengenezwa katika hospitali ileile.